Nani Alimwambia Balozi? Namna ya Kusoma Ripoti za Kigeni kuhusu Wababe wa Vita wa China, 1916–1928

Rais Yuan Shikai alipofariki tarehe 6 Juni 1916, China ilibaki na serikali moja kwenye makaratasi na majeshi chungu nzima uwanjani. Kwa miaka 12 iliyofuata, hadi Zhang Xueliang alipotangaza tarehe 29 Desemba 1928 kwamba Manchuria sasa inaitambua serikali ya Nanjing, ile ya chama cha Kuomintang, magenerali walipigana, wakapatana, wakageukana, wakapigana tena. Asiyesoma Kichina huwajua magenerali hao hasa kupitia kalamu za mabalozi wa kigeni, Waingereza wakiwa miongoni mwa walioandika zaidi. Ni karatasi nzuri. Zina tarehe, zina majina, zina idadi ya mabehewa na kodi ya kila kizuizi cha barabarani. Tatizo ni kwamba humpa msomaji ramani ya makundi iliyonyooka mno, na anayeiamini ramani hiyo hushindwa kueleza karibu kila tukio kubwa la kipindi chenyewe.

Kilichowaunganisha magenerali kilikuwa mshahara wa askari na deni la mtu kwa mtu. Jina la kundi mara nyingi lilibandikwa na mtu aliyekaa mbali na kambi.

Zhili, Anhui, Fengtian

Ripoti karibu zote husimulia jinsi jeshi la Beiyang, lile alilolijenga Yuan, lilivyopasuka mafungu matatu. Kulikuwa na fungu la Anhui chini ya Duan Qirui. Fungu la Zhili chini ya Feng Guozhang, ambalo baada ya kifo chake mwaka 1919 liliangukia mikononi mwa Cao Kun na Wu Peifu. Na fungu la Fengtian chini ya Zhang Zuolin kule Manchuria. Zhili na Fengtian waliungana kumng'oa Duan mwezi Julai 1920. Mwaka 1922 wakapigana wao kwa wao, Zhili wakashinda. Kati ya Septemba na Novemba 1924 wakarudiana, safari hii ushindi ukaenda Fengtian. Hadi hapo mambo yanaonekana kama ligi ya timu tatu.

Lakini majina hayo ni ya majimbo walikotoka wakuu wa mwanzo tu. Duan alikuwa mtu wa Hefei, Anhui. Feng Guozhang wa Hejian, Zhili. Zhang wa Haicheng, Fengtian. Hayamaanishi kwamba kundi lilitawala jimbo lenye jina hilo, wala kwamba wafuasi wake walizaliwa huko. Wu Peifu, aliyekuwa upanga wa Zhili, alitoka Shandong. Sun Chuanfang, aliyekuja kushika majimbo matano ya mashariki, naye alitoka Shandong. Hata klabu ya wabunge wa Duan, Anfu, ambayo wageni waliieleza kuwa ni ufupisho wa Anhui na Fujian, ilichukua jina la kichochoro cha Anfu mjini Beijing ilikokuwa ikikutana.

Chini ya majina hayo kulikuwa na nyuzi nyingine: waliosoma pamoja chuo cha kijeshi cha Baoding, waliotoka wilaya moja, waliokula kiapo cha undugu, waliooana, na zaidi ya yote nani alimpandisha nani cheo. Afisa mmoja alikuwa na nyuzi tatu au nne kwa wakati mmoja, na si zote zilimvuta upande mmoja. Ndani ya Fengtian kulikuwa na wazee waliotoka na Zhang Zuolin tangu enzi za ujambazi, kulikuwa na waliosomea Japani kama Yang Yuting, na kulikuwa na waliosomea vyuo vya China kama Guo Songling. Novemba 1925 Guo alilipindua jeshi bora kabisa la Fengtian na kuligeuza dhidi ya bwana wake mwenyewe. Alikaribia Shenyang, makao ya Zhang. Zhang aliokolewa kwa sehemu na Wajapani, ambao jeshi lao la Kwantung lilimzuia Guo kukaribia ukanda wa reli yao. Guo aliuawa mwezi uliofuata. Katika majedwali ya makundi ya mwaka huo, wote hao wamo kwenye safu moja.

Itikadi nayo haisaidii. Kati ya 1922 na 1924, Sun Yat-sen wa Guangzhou, baba wa jamhuri, alikuwa upande mmoja na Zhang Zuolin na Duan Qirui dhidi ya Zhili. Anayeshangaa ushirika huo amesahau kanuni ya kipindi: anayezidi nguvu huungiwa na wengine wote, na wakati huo aliyezidi alikuwa Wu Peifu.

Karatasi inavyopanda ngazi

China haikuwa koloni la mtu mmoja, lakini mikataba isiyo ya haki iliwapa wageni maeneo yao mijini na kinga dhidi ya mahakama za Kichina. Kwa hiyo balozi mdogo wa Uingereza katika bandari ya mkataba, yaani bandari iliyofunguliwa kwa wageni kwa mikataba hiyo, hakuwa mwandishi wa habari za siasa peke yake. Alisajili meli na viwanja, akasikiliza kesi za raia wa nchi yake, akalalamika kwa gavana kuhusu mzigo uliokamatwa. Siasa aliiandika kwa muda uliobaki. Kwa lugha hakuwa dhaifu: aliingia utumishi akiwa kijana, akasoma Kichina Beijing kwa takriban miaka miwili, kisha akatumikia China karibu maisha yake yote. Wachache walivuka mipaka hiyo. Sidney Barton, kwa mfano, baada ya miaka mingi Beijing na Shanghai alipelekwa Addis Ababa mwaka 1929, akakutana na uvamizi wa Waitaliano.

Habari ilisafiri kwa njia mbili. Telegramu ya siri ilikuwa ya haraka, ghali na fupi. Barua rasmi yenye namba ilikuwa ndefu na ilibeba viambatisho, na juu yake ziliongezwa taarifa za vipindi maalumu zilizofupisha hali ya wilaya nzima. Vyote vilikwenda kwanza Beijing, kwa mjumbe mkuu: Sir John Jordan hadi 1920, baadaye Beilby Alston, Ronald Macleay, na kuanzia mwisho wa 1926 Miles Lampson. Hapo alikuwepo Katibu wa Mambo ya Kichina, kazi iliyowahi kushikwa na Barton na kisha Eric Teichman. Huyu ndiye aliyesoma karatasi za vituo vyote na kuzigeuza simulizi moja. Kutoka hapo zikaenda London, kwenye Wizara ya Mambo ya Nje.

Aliyepitia ofisi ya serikali Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa kilichofuata. Masijala hufungua jalada, huipa karatasi namba, na madokezo huanza kuandikwa na ofisa wa chini kabisa yakipanda kwa wakubwa. Utaratibu ni uleule. Zanzibar yenyewe ilisimamiwa na Wizara hiyohiyo ya Mambo ya Nje hadi 1913, kabla ya kukabidhiwa Wizara ya Makoloni.

Kwenye ngazi hiyo kinachopotea kwanza ni shaka. Tuchukue sentensi ya kubuni. Balozi mdogo anaandika: "Mmisionari aliyefika jana anasema inasemekana kikosi cha jenerali fulani hakijalipwa tangu Februari." Beijing inafupisha: "Kikosi cha jenerali fulani hakijalipwa tangu Februari." Dokezo la London linahitimisha: "Nidhamu ya majeshi ya Zhili inaporomoka." Hakuna aliyesema uongo. Mmisionari na neno "inasemekana" wameachwa njiani, na mtu mmoja amegeuka kundi zima.

Waliomlisha habari

Balozi mdogo hakutoka nje ya mji kila siku. Habari za bara alizipata kwa wamisionari, kwa mawakala wa kampuni za sigara na mafuta ya taa kama British-American Tobacco na Asiatic Petroleum, kwa makamishna wa forodha na wa chumvi, na kwa makapteni wa manowari ndogo za mtoni. Upande wa Wachina alikuwa na karani wake mwenyeji, wafanyabiashara, magazeti, na kamishna wa mambo ya nje aliyewekwa na gavana wa kijeshi wa hapo. Huyu wa mwisho kazi yake ilikuwa kumpa mgeni habari ambazo gavana alitaka zimfikie.

Kila mmoja alijua jambo moja vizuri. Wakala wa sigara alijua barabara ipi ina vizuizi vingapi na kila kimoja kinatoza kiasi gani, kwa sababu alilipa. Kwa nini jenerali amehamisha kikosi usiku, hakujua. Mmisionari alijua kijiji kipi kimeporwa. Udhaifu wake ulikuwa mapenzi kwa muumini mwenzake, na hakuna aliyenufaika na mapenzi hayo kama Feng Yuxiang, "Jenerali Mkristo", ambaye askari wake waliimba nyimbo za dini wakitembea na hawakuruhusiwa kunywa pombe. Feng alipoanza kupokea silaha za Urusi ya Kisovieti mwaka 1925, Mkristo akawa Mwekundu katika karatasi zilezile. Majina ya utani kama hayo, pamoja na "gavana wa mfano" alilopewa Yan Xishan wa Shanxi, yasomwe kama hukumu za waandishi. Si maelezo.

Mtego mbaya kuliko yote ni mwangwi. Mmisionari anamwambia balozi mdogo habari, kisha anaiandikia gazeti la Kiingereza la Shanghai au Tianjin. Wiki mbili baadaye balozi mdogo anaambatisha kipande cha gazeti kama uthibitisho. Msomaji anahesabu vyanzo viwili; kipo kimoja.

Ubora wa habari kwa hiyo ulitegemea jiografia. Reli ya Beijing hadi Shenyang ilijengwa kwa mkopo wa Uingereza na ilikuwa na wahandisi Waingereza, na taarifa za treni za askari kwenye njia hiyo ni miongoni mwa za kuaminika zaidi. Mabehewa ya mizigo yanapokamatwa kwa mamia, vita viko karibu, hata kama magenerali wote wanatoa matamko ya amani. Sichuan ni kinyume chake. Huko kila jenerali alikuwa na eneo lake la kutoza kodi, ushirika ulibadilika msimu kwa msimu, na barua ilichelewa mtoni.

Balozi mdogo alipogeuka kuwa sehemu ya ugomvi, kalamu yake ilibadilika pia. Tarehe 5 Septemba 1926, huko Wanxian, manowari Cockchafer na Widgeon zilipambana na majeshi ya Yang Sen, jenerali wa Sichuan, katika jaribio la kuzikomboa meli za biashara alizozishikilia. Waingereza 7 walikufa. Hesabu za Wachina waliokufa mjini zinatofautiana kutoka mamia hadi maelfu, kutegemea nani anahesabu. Karatasi zilizoandikwa baada ya tukio la namna hiyo ni utetezi wa mahakamani, hata pale zinapojiita taarifa.

Askari hewa

Takwimu za majeshi zinahitaji mkono mzito wa shaka. Jenerali alilipwa kwa idadi ya askari aliyoiandikisha, hivyo aliandikisha wasiokuwepo na kutia tofauti mfukoni. Askari hewa hao walimfaa pia kwa kuwatisha majirani. Divisheni ya mtindo wa Beiyang ilikuwa na takriban watu 12,000 kwa muundo. Ukikuta ripoti inayozidisha divisheni kwa muundo na kukupa jumla safi, iweke kando. Inayofaa ni ile inayotaja bunduki badala ya vichwa, au mishahara iliyolipwa kweli, au treni zilizohitajika kuwasafirisha. Mabalozi makini walijua hili na waliandika namba mbili: ya jenerali na ya kwao.

Vyeo navyo ni vya kupimwa. Beijing iliweza kumteua mtu gavana wa jimbo lililoshikwa na adui yake. Uteuzi huo haukumpa jimbo. Ulimpa ruhusa ya kwenda kulipigania.

Telegramu ya hadhara

Hii ndiyo karatasi ya thamani kubwa kuliko zote ndani ya majalada, na mara nyingi imo kama kiambatisho ambacho wasomaji hukiruka. Kabla ya risasi, wababe walipigana kwa telegramu zilizotumwa kwa magavana, mabaraza, magazeti na vyama vya wafanyabiashara nchi nzima. Januari 1922 Wu Peifu alimshambulia kwa njia hiyo Waziri Mkuu Liang Shiyi, mtu aliyeungwa mkono na Zhang Zuolin, akimtuhumu kuiuza nchi kwa Wajapani katika suala la reli ya Shandong. Liang akaondoka ofisini mwezi huohuo. Mwisho wa Aprili mizinga ikaanza.

Usianze na matusi, yote yanafanana. Anza na waliotia saini. Nani yuko juu ya orodha, nani yuko chini, na hasa nani ambaye alitazamiwa kuwepo hayupo: huyo bado anasikiliza bei. Linganisha orodha hiyo na ya telegramu iliyotangulia. Ukipata maandishi ya Kichina, kumbuka kwamba siku ya mwezi iliandikwa kwa herufi moja badala ya namba. Mauaji ya Changsha ya tarehe 21 Mei 1927 yanaitwa hadi leo tukio la siku ya "Farasi", kwa kuwa herufi hiyo ndiyo iliyosimamia 21. Na kila herufi ilipita kwenye waya kama tarakimu nne. Tarakimu moja ikikosewa, jina la mtu huwa jina la mwingine.

Kwa nini kila mtu alitaka Beijing

Mapato ya forodha yalisimamiwa na idara iliyoongozwa na Mwingereza, Francis Aglen, kuanzia 1911 hadi mapema 1927. Kwanza yalilipa madeni ya nje na fidia ya vita vya Maboksa, yaani uasi dhidi ya wageni wa mwaka 1900. Kilichobaki kilitolewa kwa serikali iliyotambuliwa, kwa ridhaa ya mabalozi. Chumvi iliwekewa mfumo unaokaribiana na huo baada ya mkopo mkubwa wa pauni milioni 25 wa mwaka 1913. Aliyeshika Beijing, hata kama hakutawala zaidi ya vitongoji vyake, alishika saini ya kukopea na mlango wa kuombea hicho kilichobaki. Ndiyo maana Cao Kun aliona faida kuwanunua wabunge ili awe rais Oktoba 1923. Bei iliyovuma mjini ilikuwa yuan 5,000 kwa kura.

Hali hiyo ilizipotosha ripoti zenyewe. Ubalozi uliokaa Beijing kudai madeni uliandika kurasa na kurasa kuhusu mabadiliko ya mawaziri, huku mambo yakiamuliwa Luoyang, Shenyang na Guangzhou. Pia uliendelea kumtafuta "mtu mwenye nguvu", Yuan Shikai wa pili, wa kulinda biashara na mikataba. Wu Peifu alipendeza sana kwa macho hayo.

Oktoba 1924

Wakati wa vita vya pili kati ya Zhili na Fengtian, Feng Yuxiang alihesabiwa kuwa mtu wa Zhili. Wu alikuwa Shanhaiguan akipambana na Zhang. Feng alikuwa ametumwa kaskazini kupitia Gubeikou, kuelekea Rehe. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Oktoba jeshi lake lilikuwa limerudi Beijing kimyakimya. Sun Yue, naibu mkuu wa ulinzi wa mji, akamfungulia malango. Cao Kun akawekwa kizuizini, Wu akabanwa mbele na nyuma, na mwanzoni mwa Novemba akaondoka kwa meli na mabaki ya jeshi lake. Tarehe 5 mwezi huo Puyi, mfalme wa mwisho wa China aliyekuwa bado akiishi ikulu, akafukuzwa humo.

Kwa jedwali la makundi, hayo ni maajabu. Kwa daftari la mishahara, si maajabu hata kidogo. Mwaka 1922 Feng alikuwa gavana wa kijeshi wa Henan, jimbo lenye kodi. Wu, ambaye makao yake ya Luoyang yalikuwa ndani ya Henan hiyohiyo, alifanya aondolewe kabla mwaka haujaisha, akapewa cheo cha ukaguzi wa jeshi huko Nanyuan, nje kidogo ya Beijing. Cheo kilikuwa kirefu, eneo hakuna, na fedha za askari zikategemea serikali iliyofilisika. Kisha vitani akapewa njia ya milimani yenye chakula kidogo. Yote haya yalijulikana. Yametawanyika katika karatasi za miaka miwili, kila moja mahali pake, na hakuna jedwali lililoyakusanya.

Ukimsoma jenerali yeyote wa wakati ule, tafuta kwanza mshahara wa askari wake unatoka wapi, kisha eneo gani alinyang'anywa mwisho na nani, kisha nani amesimama kati yake na mji mkuu. Jina la kundi lake liangalie mwishoni.

Ngazi mbili, tahajia mbili

Kwa habari za Guangzhou, usiridhike na ngazi moja. Balozi mdogo wa huko aliandikia Beijing na Wizara ya Mambo ya Nje. Gavana wa Hong Kong aliandikia Wizara ya Makoloni. Bandari yake iliathirika moja kwa moja na kila ilichofanya serikali ya Guangzhou, hasa wakati wa mgomo mkubwa wa 1925–1926, na wawili hao hawakukubaliana kila mara. Japani ilikuwa hivyohivyo, na kwa hatari zaidi: mabalozi wadogo walitii wizara yao, maofisa wa jeshi walitii wengine. Tarehe 4 Juni 1928 treni ya Zhang Zuolin ililipuliwa Huanggutun, karibu na Shenyang, kwa njama ya Kanali Kōmoto Daisaku wa jeshi la Kwantung. Anayeandika kwamba "Japani" ilitaka hili au lile mwaka ule anapaswa kusema ni Japani ya nani.

Ukitafuta kwenye hifadhi za dijitali, andika tahajia ya zamani. Zhang Zuolin ni Chang Tso-lin, Duan Qirui ni Tuan Ch'i-jui, Cao Kun ni Ts'ao K'un, Feng Yuxiang ni Feng Yu-hsiang. Zhili ni Chihli, Shenyang ni Mukden, Guangzhou ni Canton. Jaribu pia bila alama ya ritifaa, kwa kuwa wapiga chapa waliiacha. "Marshal Chang" peke yake huenda akawa Zhang Zuolin au mwanawe Zhang Xueliang, na "General Chang" huenda ni Zhang Zongchang wa Shandong; tarehe na mji ndivyo vinavyoamua. "Feng" kabla ya 1920 mara nyingi ni Guozhang, baadaye ni Yuxiang. Kuanzia Juni 1928 Beijing yenyewe inaitwa Peiping.

Huko Kew, London, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, karatasi zilizofika wizarani ziko kwenye mfululizo wa FO 371. Zile za ubalozi wa Beijing, pamoja na barua za mabalozi wadogo kama zilivyoandikwa, ziko FO 228. Herufi F mwanzoni mwa namba ya karatasi ni idara ya Mashariki ya Mbali, na 10 mwishoni ni China. Ukipata taarifa ya London inayokufaa, chukua tarehe yake, rudi nyuma wiki chache, na uitafute FO 228 barua iliyoizaa. Mara nyingi humo ndimo yule mmisionari bado yupo.